Laini ina kasi ila mafaili yanajikokota: tuongee protokali za kuhamisha mafaili, ipi inakimbia na ipi haikuangushi njiani

Mleta uzi (Nyegezi)

Wakuu heshima kwenu, wa Kanda ya Ziwa mwangaluka.

Nafungua uzi huu maana simu ninazopigiwa siku hizi ni za aina moja tu. Mtu ana ofisi pale Makoroboi au studio Kirumba, ameongeza kifurushi cha faiba, anakwambia kaka bakapu bado inakesha, afu mwingine anakwambia faili limefika mia kwa mia ila ukilifungua linagoma. Wote wanalaumu intaneti. Mi kazi hizi za kuhamisha mafaili nimekaa nazo muda mrefu na nasema bila kupepesa, mara nyingi intaneti haina kosa, kinachokukwamisha ni protokali unayotumia (kanuni ambazo kompyuta mbili zinafuata zikipeana faili) ukijumlisha na umbali wa seva, na kinachokuumiza kwenye mafaili mabovu ni kuiamini ile mia kwa mia ya kwenye skrini. Ni ishu mbili tofauti, kasi na uhakika, na watu wanazichanganya.

Tuanze na kasi. Mtoa huduma anauza megabiti, kompyuta inakuonyesha megabaiti, gawa kwa 8, kwa iyo Mbps 50 ni kama megabaiti 6 kwa sekunde na hujaibiwa. Hilo wengi mnalijua, tupite.

Ambalo wengi hawalijui ni muda wa kwenda na kurudi, ile pingi. TCP, kanuni ya chini ya kupeleka data mtandaoni ambayo ndo inabeba protokali za mafaili kama FTP, SFTP, SMB na karibu kila kitu tunachotumia, haimwagi data tu, inatuma kiasi fulani afu inasubiri upande wa pili uthibitishe umepokea ndo iendelee. Kiasi hicho kinaitwa dirisha. Kwenye TCP ya mwaka 1981 dirisha haliwezi kuzidi baiti 65,535 kwa sababu nafasi yake kwenye kichwa cha paketi (kifurushi kidogo cha data) ni biti 16 tu. Sasa chukua seva iko Ulaya, pingi kutoka hapa Mwanza tuseme ni milisekunde 200, maana yake unaenda na kurudi mara 5 kwa sekunde, kila mara unabeba kilobaiti 64, piga hesabu utapata kama Mbps 2.6. Basi, hapo ndo mwisho, hata uwe na faiba ya Mbps 500. Ni mtumbwi mmoja unavusha magunia kwenda Ukerewe, hata wakujengee gati kubwa namna gani, mpaka mtumbwi urudi ndo upakie tena.

Dawa ilitoka 1992 kwenye RFC 1323 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), dirisha likaruhusiwa kukua mpaka karibu gigabaiti 1. Windows inajirekebishia dirisha yenyewe tangu Vista, na Linux nayo inafanya ivyo miaka mingi. Kwa iyo kompyuta ya kisasa ikiongea na ya kisasa hapo hamna shida. Shida iko kwenye DVR za kamera, NAS za zamani (diski za pamoja za mtandaoni), mashine yenye XP iliyobaki kaunta ya stoo, na programu ambazo zenyewe zinajiwekea kikomo juu ya TCP. Mfano sftp ya OpenSSH inarusha maombi 64 kwa mpigo, kila ombi kilobaiti 32, yaani megabaiti 2 zinakuwa njiani, kwa pingi ya 200 ni kama Mbps 84, wengi wetu inatutosha kabisa. Ila ukikutana na programu ya SFTP inayotuma ombi moja inasubiri jibu, ombi moja inasubiri jibu, kwa ukubwa uleule unaambulia Mbps 1.3 na utailaumu laini bure.

La pili ni paketi zinazopotea. Mathis na wenzake mwaka 1997 walionyesha kwa hesabu kwamba kasi ya TCP inashuka kwa pingi na kwa mzizi wa pili wa upotevu. Paketi 1 ikipotea kwenye kila 100, na pingi yako ni 200, TCP ya kawaida haifiki hata Mbps 1. Ndo maana waifai inayopenya kuta mbili tatu, au mnara uliojaa watu saa mbili usiku, inaua kuhamisha faili wakati kuchati kunaendelea vizuri tu. Kwenye seva yako ya Linux weka BBR, njia ya TCP ya kupanga kasi ya kutuma, waliitoa Google 2016, yenyewe haichukulii kila paketi iliyopotea kuwa ni foleni, na inatosha kuiweka upande unaotuma. Kama huna mamlaka na seva basi tumia njia nyingi kwa wakati mmoja, programu ya lftp inaweza kulikata faili moja vipande na kuvishusha sambamba kwa pget, kila njia inakuwa na dirisha lake.

La tatu ndo linaloumiza zaidi ofisini, mafaili madogo madogo. Una picha 10,000 kwenye folda, kila picha FTP inataka kuagiza, kufungua njia, kupokea jibu kwamba imekwisha, tuseme safari tatu tu za kwenda na kurudi. Tatu mara milisekunde 200 mara 10,000 ni sekunde 6,000, yaani saa 1 na dakika 40 za kusubiri majibu kabla hujahesabu data yenyewe. Fungasha kwanza kwa tar au zipu, litoke faili moja, ndo utume.

Uhakika nakuja nao chini. Walio na kesi wazilete.

Mdau wa Kirumba

Kaka umefungua uzi wakati muafaka. Mi nafanya vidio za harusi, natuma mafaili makubwa kwa editor yuko Dar kupitia FTP ya hosting. Inapanda vizuri, inafika 100%, hapo inaning'inia tuu, baada ya muda inaniambia imefeli na inataka kuanza moja. Faili dogo halina shida. Niliambiwa niongeze kifurushi, nimeongeza, hali ileile. Nini hiki?

Mleta uzi (Nyegezi)

Mkuu hiyo naijua vizuri na kifurushi hakihusiki.

FTP ni ya zamani kuliko TCP yenyewe, Abhay Bhushan wa MIT aliandika ya kwanza 1971, hii tunayotumia ni ya RFC 959 ya 1985. Inatumia njia mbili, moja ya amri kwenye poti 21 na nyingine ya data. Ukiwa unapandisha faili la saa tatu, njia ya data inafanya kazi lakini ile ya amri imekaa kimya saa tatu zote. Sasa wewe uko nyuma ya ruta, na kwenye mitandao ya simu uko nyuma ya ruta nyingine ya kampuni ambayo inagawa anwani moja kwa wateja wengi, hizo ruta zinaweka orodha ya mawasiliano yaliyo hai na ukikaa kimya sana wanakufuta. RFC 5382 ya 2008 inasema wasifute kabla ya saa 2 na dakika 4, ila vifaa vingi vinafuta mapema kuliko hapo. Faili linaisha, seva inataka kukutumia ile 226 ya kusema tayari, njia haipo tena. Data imefika, taarifa haijafika, programu yako inahesabu imefeli.

Kwa sasa hivi ingia kwenye mipangilio ya programu yako uwashe kipengele cha kutuma ujumbe wa kuweka laini hai, FileZilla inacho, ila ujue sio kila seva inaujibu katikati ya uhamishaji. Hakikisha pia uko kwenye hali ya pasivu, ile aktivu seva ndo inakufungulia wewe njia na nyuma ya ruta hazifiki. Na ikikatika usikubali kuanza moja, FTP ina amri ya REST, programu itakuuliza uendelee au uandike upya, chagua kuendelea.

Ila ushauri wangu wa kweli hama FTP. Njia moja tu inatosha kwenye SFTP, amri na data vinapita pamoja kwa iyo hamna njia inayolala.

Mdau wa Mkolani

Mi hapo sikubaliani. FTP ndo inayokimbia kuliko zote, SFTP inasimba kila kitu (inaficha data kwa siri), CPU inakufa. Nimepima kwenye netiweki ya ndani, FTP inajaza gigabiti yote, SFTP inakaa nusu.

Mleta uzi (Nyegezi)

Umepima kitu cha kweli mkuu, sikupingi kwenye hilo. Kwenye netiweki ya ndani, pingi chini ya milisekunde 1, mafaili makubwa, FTP haina mzigo wowote juu ya TCP na itajaza waya. Lakini uliza ulipima na mashine gani. Prosesa za kisasa za Intel na AMD zina maelekezo maalum ya AES, njia mojawapo ya kusimba, ndani yake, kusimba sio tatizo tena, inazidi gigabiti bila jasho. Ukitumia Raspberry Pi 4 kama seva yenyewe haina maelekezo hayo, hapo jaribu kuchagua njia nyingine ya kusimba, chacha20-poly1305, badala ya AES uone tofauti.

Na upande wa pili wa shilingi, FTP inatuma paswedi yako wazi kama ilivyo, yeyote aliye katikati anaisoma. Chrome na Firefox zote ziliondoa FTP mwaka 2021. SSH, ambayo SFTP inapita ndani yake, ilizaliwa kwa sababu hiyo, Tatu Ylönen kule Helsinki aliianzisha 1995 baada ya paswedi kunaswa kwenye mtandao wa chuo. Kwa netiweki yako ya ndani iliyofungwa endelea na FTP sina neno, ila mteja akitoka nje ya geti usimpe FTP.

Kuna jingine la FTP ambalo ni la uhakika sio la kasi, na ndo linanifanya niikatae hata bila habari ya paswedi. Kwenye hali yake ya kawaida mwisho wa faili unajulikana kwa njia ya data kufungwa. Sasa njia ikifungwa kwa sababu faili limeisha au kwa sababu umeme umekatika upande wa pili, kwa juu inafanana, programu makini inasubiri ile 226, programu iliyoandikwa kwa haraka inasema tayari na unabaki na nusu faili lenye jina kamili. Afu kuna ile hali ya ASCII, kwenye kiwango ndo ya kuanzia, inabadilisha alama za mwisho wa mstari, ukipitisha zipu au picha humo inaharibika yote. Hizo zipu zisizofunguka zinazoletwa kwangu, cha kwanza naangalia hapo, ukiona ukubwa wa faili umetofautiana kidogo pande mbili ujue ni ASCII.

Mzee wa Pasiansi

Vijana hamjambo. Haya mnayoongea sisi tulipigana nayo enzi za modemu za simu. XMODEM ya Ward Christensen, 1977, ilikuwa inatuma baiti 128, inasubiri jibu, baiti 128, inasubiri. Ni hilohilo dirisha lako kijana, tena dogo. Kermit ya Columbia ikaja 1981. Kilichotukomboa ni ZMODEM ya Chuck Forsberg mwaka 1986, yenyewe inatuma mfululizo bila kusubiri, kukiwa na kosa ndo inarudi pale penye kosa, na simu ikikatika unapiga tena unaendelea ulipoishia. Miaka hiyo simu ilikuwa inakatika kila mvua ikinyesha. Nashangaa nikiona leo programu ina faiba nyuma yake na haijui kuendelea ilipoishia.

Mleta uzi (Nyegezi)

Shikamoo mzee wangu. Umemaliza kila kitu hapo, kuendelea ulipoishia ndo kigezo changu cha kwanza kabla hata sijauliza kasi. Huku kwetu umeme unakatika, bando linaisha, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika nchi nzima ilitetereka. Protokali isiyojua kuendelea haifai kwa faili lolote kubwa, iwe ina kasi namna gani. Ndo maana scp siipendi kwa kazi kubwa, ni nyepesi na tamu kwa faili dogo lakini ikikatika unaanza moja.

Dada wa Musoma

Habari kaka, mi naomba msaada wa hili. Ofisi kuu iko Mwanza sisi tawi tuko Musoma, tumeunganishwa kwa VPN, tunafungua folda ya pamoja ya Windows ya kule. Kufungua folda tu unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. Kuna faili la mahesabu tunalifungua humohumo tunafanyia kazi, limeshaharibika zaidi ya mara moja. Kasi tukipima ni nzuri.

Mleta uzi (Nyegezi)

Dada pole sana, na naomba hilo la faili la mahesabu ulichukulie kwa uzito leo leo.

Folda ya pamoja ya Windows ni SMB, ilitoka IBM miaka ya 80 mwanzoni, ilitengenezwa kwa kompyuta zilizo chumba kimoja. Ile ya kwanza ilikuwa na amri zaidi ya 100 na inaongea mno, SMB2 iliyokuja na Vista ikapunguza mpaka amri 19 na kuruhusu maombi kupangwa kwa pamoja, SMB3 ya Windows 8 ikaongeza kusimba na kutumia njia nyingi. Lakini hata hiyo mpya ukifungua folda yenye mafaili 2,000, Windows Explorer inaenda kuuliza habari za faili moja moja, aikoni, ukubwa, tarehe. Ukipima pingi yako ikawa 80 na kila faili likataka safari tatu, ni dakika 8. Kipimo cha kasi hakionyeshi hilo kwa sababu kinapima upana, hakipimi mazungumzo.

Faili la mahesabu sasa. Kama ni programu ya aina ya Access inayofungua faili lenyewe moja kwa moja, msiifungulie kwenye VPN kabisa. Programu inaandika vipande vipande ndani ya faili, laini ikikatika katikati ya kuandika, faili linabaki nusu jipya nusu la zamani. Hakuna protokali ya kuwaokoa hapo. Tumieni rimoti desktopu, yaani programu ikimbie Mwanza nyie muone skrini tu, laini ikikatika kazi haijaguswa.

Kwa nyaraka za kawaida mbebe nakala iwe kwenu Musoma na iwe inasawazishwa, Syncthing inafaa sana, inagawa faili vipande, kila kipande inakihakiki kwa heshi (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe), ikikatika inaendelea na vipande vilivyobaki. Tahadhari tu, watu wawili wakihariri faili moja kwa wakati mmoja itawatunzia nakala mbili, mkubaliane nani anagusa nini.

Na kama kuna mashine bado ina SMB1 izimeni. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita humohumo.

Fundi wa Igoma

Wakuu niongezee la waya maana watu wanaruka juu kwa juu. Ukiona kuhamisha faili ndani ya ofisi kumeganda kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi haishuki, usiguse protokali, angalia kebo. Gigabiti inataka jozi zote 4 za nyaya, ile ya Mbps 100 inataka jozi 2 tu. Uzi mmoja ukikatika kwenye kichwa cha kebo au panya amepita, swichi inashuka yenyewe mpaka 100 bila kumwambia mtu. Gigabiti nzima inakupa 110 na kitu. Na kabla ya kubishana FTP au SMB pimeni kwa iperf3 pande zote mbili, yenyewe haigusi diski, ukikuta iperf3 iko fresh na faili linajikokota basi ni diski au flashi. Flashi ya USB 2.0 hata iweje haivuki megabaiti 40 hivi.

Mleta uzi (Nyegezi)

Nondo hiyo fundi, wabheja sana. Watu wapime kwa mpangilio huohuo, waya, diski, ndo protokali.

Sasa uhakika kama nilivyoahidi, na hapa naomba msome taratibu.

Mwaka 1984 pale MIT, Saltzer, Reed na Clark walichapisha makala kuhusu wapi uhakika unatakiwa kuwekwa kwenye mfumo, na mfano wao mkubwa ulikuwa ni huuhuu wa kuhamisha faili. Walisimulia kisa cha kwao, netiweki yao ilikuwa inakagua data kwenye kila waya, kwa iyo watengenezaji wa programu wakajua wako salama. Kompyuta moja ya katikati ikapata hitilafu, ikawa inabadilishana nafasi jozi ya baiti wakati inanakili kutoka bafa moja (hifadhi ya muda) kwenda nyingine, mara moja hivi kwa kila baiti milioni. Waya uko sawa, ukaguzi wa waya unapita, uharibifu unatokea ndani ya kompyuta ambako hakuna anayekagua. Mafaili mengi ya msimbo wa mfumo endeshi yalipitishwa humo mara nyingi, baadhi yakaharibika, ikabidi wenyewe wakae walinganishe kwa macho na karatasi za zamani. Hitimisho lao ni kwamba hata ukikagua katikati vizuri namna gani, mwisho wa yote lazima anayetuma na anayepokea walinganishe faili lenyewe.

Na TCP je? Inayo cheksamu, yaani namba ya kukagua kama data imefika sawa, ila ni ya biti 16 na ni kujumlisha tu, ukibadilishana nafasi maneno mawili ya biti 16 jumla haibadiliki. Stone na Partridge mwaka 2000 walipima mitandao halisi wakakadiria kwamba paketi mbovu inayopita bila kugunduliwa ni kati ya 1 kwa milioni 16 na 1 kwa bilioni 10. Inaonekana ndogo, ila terabaiti 1 ni paketi kama milioni 700, jiamulie mwenyewe.

SFTP ina ulinzi wa nguvu zaidi, kila paketi ina muhuri wake, ikiguswa njiani muunganisho unakatwa palepale. Hilo linaziba netiweki. Halizibi RAM mbovu, halizibi diski, na halizibi umeme kukatika wakati data bado iko kwenye RAM haijaandikwa diskini, maana mfumo unasema tayari kabla kichwa cha diski hakijagusa kitu. Seva ya kupokea iwekeeni UPS, sio anasa.

Kwa iyo mi silaha yangu ni rsync. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa 1996 Australia. Upande wa kupokea unagawa faili la zamani vipande, unatuma cheksamu za vipande, upande wa kutuma unapitisha dirisha la kuhesabu juu ya faili jipya baiti kwa baiti na kugundua vipande gani vipo tayari hata kama vimehama nafasi, unatuma tofauti tu. Bakapu ya gigabaiti 20 iliyobadilika kidogo inapita kwenye bando la kawaida. Ila usiibane kwa gzip ya kawaida kwanza, badiliko dogo mwanzoni linageuza faili lote lililobanwa, tumia gzip yenye kipengele cha --rsyncable. Na vidio usiweke -z (ya kubana data), zimeshabanwa tayari, utachosha CPU bure.

Amri yangu ya kila siku ni hii:

rsync -av --partial --timeout=60 folda/ mtumiaji@seva:/bakapu/

Na kwenye SSH weka ServerAliveInterval 30 ili ile ruta isikufute. Ikikatika rudia amri ileile, inaendelea ilipoishia. Mwisho kabisa inalinganisha cheksamu ya faili zima, lakini fahamu kwamba cheksamu hiyo inahesabiwa wakati data inapita, hairudi kusoma diski. Ukitaka kujua kilicho diskini, siku nyingine pitisha tena ukiwa na -c pamoja na --dry-run, bila kutuma kitu itakuorodheshea mafaili yanayotofautiana.

Wa Windows mnayo robocopy, ipo humohumo. Weka /Z iweze kuendelea, /MT:16 kwa mafaili madogo, na /R:5 /W:10 kwa sababu yenyewe ukiiacha inarudia mara 1,000,000 na kusubiri sekunde 30 kila mara. Inalinganisha ukubwa na tarehe tu, haisomi ndani ya faili, kwa iyo malizia kwa certutil -hashfile jina SHA256 pande zote mbili, heshi zifanane. Na /MIR usiiguse kama hujui inafanya nini, inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza.

Mdau wa Kirumba

Nimeelewa kaka, naongea na editor afungue SFTP leo. Swali moja, kumtumia kwa WhatsApp?

Mleta uzi (Nyegezi)

Ukituma kama vidio inabanwa ubora unapotea. Kama dokyumenti inaenda ilivyo, mwisho gigabaiti 2. Kwa klipu ya kuonyesha mteja sawa, kwa kazi yenyewe hapana.

Mdau wa Nansio

Mi niko Ukerewe, nina terabaiti 1 ya vidio na picha za mradi inatakiwa ifike Mwanza. Laini yangu ya kupandisha ni Mbps 10. Nitumie ipi kati ya hizo?

Mleta uzi (Nyegezi)

Hapo hesabu inajibu yenyewe. Terabaiti 1 kwa Mbps 10 bila kukatika hata sekunde ni siku 9 na robo. Weka kwenye diski, panda nayo meli, hata tuseme ni masaa manne mpaka bandarini Mwanza, kasi yake ni sawa na Mbps 555. Hakuna kifurushi cha kisiwani kitakachoifikia.

Ila diski nayo ni njia ya kuhamisha faili kama nyingine na inataka uhakika uleule. Ifomati exFAT au NTFS, FAT32 haibebi faili linalozidi gigabaiti 4. Isimbe nzima kabla, VeraCrypt ni ya bure, ili ikipotea melini ipotee diski tu. Kabla hujaichomoa kaa kwenye folda uandike

find . -type f ! -name orodha.txt -exec sha256sum {} + > orodha.txt

hiyo orodha nitumie mimi kwa barua pepe, ni ndogo, isisafiri ndani ya diski peke yake. Chomoa kwa utaratibu wa mfumo, usivute tu. Ikifika huku nitaweka sha256sum -c orodha.txt, itasoma kila faili kutoka kwenye diski yenyewe na kunionyesha lipi sawa na lipi limefeli. Yatakayofeli nakutajia majina unanirushia hayo tu kwa rsync usiku laini ikiwa nyepesi. Na nakala ya Nansio usiifute mpaka nikuambie orodha nzima imepita.

Mdau wa Nansio

Sawa mkuu. Naanza kutengeneza orodha sasa ivi, diski naileta na meli ya kesho asubuhi.